Ulimi unaowaka bila kidonda: kisa kimoja cha maumivu sugu ya kinywa

Usuli

Mgonjwa wa kisa hiki nitamwita Bi K. Ni mwanamke aliyevuka miaka 55, na hedhi yake ilikoma miaka michache kabla ya maumivu kuanza. Amekubali kisa chake kitumike kufundishia, na kila kinachoweza kumtambulisha nimekiondoa au kukibadilisha. Mimi ni daktari wa meno ninayeshughulikia magonjwa ya kinywa. Alifika kwangu akiwa na miezi 14 ya maumivu na bahasha iliyojaa karatasi za vipimo.

"Ni kama nimekunywa kitu cha moto kikaniunguza, halafu ule moto haupoi." Ndivyo alivyoyaeleza, na ndivyo wengi wenye tatizo hili wanavyoyaeleza. Moto ulikuwa kwenye ncha ya ulimi na kingo zake zote mbili, kwenye kaakaa nyuma ya meno ya mbele, na upande wa ndani wa mdomo wa chini. Akiamka asubuhi hana kitu, au anacho kidogo sana. Kufika saa nne umeshaanza, na usiku unakuwa mkali kiasi kwamba hata kuongea kunamchosha. Kinywa anakihisi kikavu, na kuna ladha ya chuma isiyoondoka hata apige mswaki mara ngapi.

Jambo moja lilikuwa limemletea maneno nyumbani. Akila, maumivu hupungua. Ndugu zake walimwambia wazi kwamba mtu anayeumwa ulimi kweli hawezi kula vizuri namna ile. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kujitilia shaka, na akagundua kwamba kumung'unya peremende kunampa nafuu, basi kutwa nzima hakosi peremende mdomoni.

Kabla ya kufika kwangu alikuwa ametibiwa fangasi mara tatu bila mtu kuchukua sampuli ya ulimi hata mara moja. Alikuwa amebadilishiwa dawa ya kusukutua, akasagwa kingo za meno mawili yaliyodhaniwa kuwa yanamkwaruza, na mwisho akaambiwa, "Mama, haya ni mawazo tu."

Ziara ya kwanza

Nilimchunguza kwa zamu, kama tunavyofanya siku zote: midomo, mashavu kwa ndani, fizi, kaakaa, juu ya ulimi, chini yake, kingo zake nikizivuta kwa kitambaa cha pamba ili nizione hadi nyuma. Hapakuwa na kidonda, utando mweupe wala wekundu. Kingo za ulimi zilikuwa na alama za meno, kama kitambaa kilichobanwa muda mrefu kwenye ukingo wa meza. Nikavua glavu na kumwambia, kwa furaha ya kweli kabisa, "Habari njema, mama. Sijaona kitu."

Alikaa kimya, kisha akafunga mkoba wake polepole. "Kwa hiyo na wewe huoni."

Nilikuwa nimekusudia kumwondolea hofu. Nilichomwambia, kwa masikio ya mtu aliyekwisha kuambiwa ni mawazo tu, ni kwamba na mimi simwamini. Nilipaswa kusema nilichokiona hasa: kwamba ngozi laini ya kinywa ni nzima, na kwamba maumivu yenye ramani hii na saa hizi yanajulikana, yana jina, sindromu ya kinywa kuungua (kwa Kiingereza burning mouth syndrome), na kwa kawaida hutokea kwenye kinywa kinachoonekana kizima. Ainisho la kimataifa la maumivu ya kichwa na uso, toleo la 2018, linayatambua kwa vigezo vilivyo wazi: hisia ya kuungua ndani ya kinywa, kila siku, kwa zaidi ya saa 2 kwa siku, kwa zaidi ya miezi 3, bila kidonda kinachoonekana wala sababu nyingine inayoyaeleza vizuri zaidi. Bi K. alikuwa na dalili zote za vigezo hivyo tangu alipokaa kwenye kiti. Nilimnyima jina la ugonjwa wake kwa wiki sita, kwa kuwa nilitaka kwanza majibu ya maabara.

Kutaka majibu hayo hakukuwa kosa. Kinywa kinaweza kuwaka kwa sababu zinazotibika, na ni dhambi kuzipita: upungufu wa madini ya chuma, wa vitamini B12 au foleti, kisukari, tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, fangasi, ukavu halisi wa kinywa, mzio wa vitu vinavyogusa kinywa, na baadhi ya dawa. Bi K. alikuwa anatumia enalaprili kwa shinikizo la damu, na dawa za kundi hilo zimeripotiwa kuleta kuungua kinywa na kuharibika kwa ladha. Nilimwandikia daktari wake, akambadilishia kundi. Nilichukua sampuli ya fangasi, nikaagiza vipimo vya damu, na nikamwambia aache dawa ya kusukutua yenye pombe na dawa ya meno yenye mnanaa mkali.

Majibu ya vipimo

Sampuli haikuonyesha fangasi. Madini ya chuma yalikuwa chini kidogo, tukayapandisha kwa vidonge. Sukari, tezi na vitamini vilikuwa sawa. Kuhusu ukavu, nilimwomba ateme mate kwenye kikombe kwa dakika 15 bila kutafuna kitu. Mililita 1.5 au chini ya hapo ndiyo tunayohesabu kuwa kinywa kikavu kweli. Yeye alitoa zaidi ya 4. Hisia ya ukavu ilikuwa kali, mate yalikuwepo. Hilo nililiandika nikalipigia mstari, kwa sababu lilionyesha kwamba ulimi wake ulikuwa unamletea taarifa zisizolingana na hali ilivyo, na haikuwa upande wa maumivu peke yake.

Wiki nane baada ya kubadilisha dawa ya shinikizo na kurekebisha madini ya chuma, maumivu yalikuwa palepale: 7 kwa 10 jioni.

Katikati ya hapo nilimwandikia barua ya rufaa kwa mwanasaikolojia. Niliandika "maumivu yasiyo na sababu ya kimwili". Barua haikufika. Miezi kadhaa baadaye aliniambia aliisoma akiwa nje ya geti, akaikunja, akaiweka kwenye bahasha pamoja na nyingine.

Ziara ya tatu: kuuliza ulimi wenyewe

Siku hiyo nilitenga saa nzima. Nilianza na majaribio madogo ya hisia, yasiyohitaji mashine. Uzi wa pamba ukigusa ncha ya ulimi aliuhisi vizuri. Ncha ya kijiti aliihisi kali kupita kawaida. Lakini nilipogusa ncha ileile kwa kijiko kilichopozwa kwenye barafu, kisha kwa kilicholowekwa maji vuguvugu, alichelewa kutofautisha, na mara mbili alikosea. Halafu ladha: kijiti cha pamba chenye utamu, chumvi, uchachu, kisha uchungu. Uchungu uliowekwa mbele ya ulimi hakuutambua. Ulipoteleza kufika nyuma, uso ukakunjamana papo hapo.

Joto na baridi husafirishwa na nyuzi nyembamba za neva, ilhali mguso mwepesi husafirishwa na nyuzi nene. Kwa Bi K. nyembamba ndizo zilizoonekana kuyumba. Hilo linaafikiana na utafiti wa Lauria na wenzake uliochapishwa 2005, ambao walichukua vipande vidogo sana vya ulimi wa wagonjwa wa aina hii na kukuta nyuzi hizo zimepungua kwenye ngozi ya juu. Ladha ya theluthi mbili za mbele za ulimi nayo hubebwa na neva ndogo inayopita ndani ya sikio, jirani kabisa na ngoma ya sikio, na ladha ya nyuma hubebwa na neva nyingine. Ndiyo maana uchungu aliukosa mbele akaukuta nyuma.

Kisha nikampaka jeli ya ganzi. Nilitarajia nafuu. Baada ya dakika chache alishika shavu, macho yakajaa machozi: maumivu yalikuwa yametoka 5 yakafika 8. Niliogopa, na sitaficha hilo. Lakini jambo hili limeshaonekana kwa baadhi ya wagonjwa wa namna hii, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba neva ya ladha, ikiwa nzima, huishikia breki neva ya maumivu ya ulimi. Ganzi ya juujuu ililegeza hata breki kidogo iliyokuwa imebaki. Na kula, ambako huamsha ladha na kuushughulisha ulimi, hukaza breki hiyo kwa muda. Nilipomweleza hivyo alinyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo nikila nikapata nafuu, siyo kwamba ninajifanya." Alitaka nimwandikie hilo kwenye karatasi ampelekee mumewe. Nikamwandikia.

Hapo ndipo nilipomwuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza ziara ya kwanza. Nilikuwa nimeona kioo kidogo cha mviringo kwenye mkoba wake, na alama za meno kwenye kingo za ulimi zilikuwa zimeniambia kwamba ulimi ule haupumziki, kutwa unasukumwa kwenye meno kama mtu anayebonyeza jipu aone kama bado linauma. Nikamwuliza: "Unapoutazama ulimi, unatafuta nini?"

Alitoa simu akanionyesha. Picha za ulimi wake, mamia, zimepigwa dirishani asubuhi, bafuni usiku, nyingine ndani ya gari. Alikuwa akizilinganisha. Dada yake mkubwa alifariki kwa saratani iliyoanza na kidonda kidogo pembeni mwa ulimi. Bi K. ndiye aliyemuuguza miezi yote ya mwisho, akimsafisha kinywa kwa mkono wake. Moto wake mwenyewe ulianza miezi minne baada ya mazishi. Hakuwa amemwambia daktari yeyote, kwa kuwa hakuna aliyeuliza, na kwa kuwa kulitamka neno hilo kulikuwa kama kuliita.

Jaribio la kioo

Nilimwomba ataje maumivu yake wakati huo: 5. Nikampa kioo autazame ulimi kwa dakika moja kamili: 7. Kisha tukaweka kioo pembeni, nikamwomba anieleze kazi yake, hatua kwa hatua, kama ananifundisha. Ni kazi ya mikono yenye hesabu nyingi, na anaijua. Alizungumza dakika sita hivi, mikono ikicheza hewani. Nilipomkatiza na kuuliza, alitafuta jibu kwanza, akasema 3.

Halafu sura yake ikabadilika. "Daktari, nimekuwa nikidanganya?"

Naamini kisa hiki chote kilikuwa kwenye swali hilo. Miezi 14 alikuwa amewekwa mbele ya milango miwili: ama ni ugonjwa wa kweli na ungeonekana, ama ni mawazo na hauna ukweli. Nafuu iliyokuja kwa kuzungumza ilikuwa kama ushahidi dhidi yake. Nilimwambia kwamba maumivu yote, hata ya mfupa uliovunjika, hupanda na kushuka kwa usikivu, hofu na usingizi, kwa kuwa ubongo ndio unaoamua taarifa ipi ya mwili ipitishwe kwa sauti na ipi kwa kunong'ona. Neva zake zilikuwa na hitilafu ya kweli, tulikuwa tumetoka kuiona pamoja kwa kijiko na kijiti. Hofu yake, iliyokuwa na sababu ya haki kabisa, ilikuwa inaupa ulimi huo zamu ya kwanza kila saa. Vitu viwili, na vyote viwili vinatibika kwa sehemu.

Maamuzi na sababu zake

Nilianza na neva. Nilimpa klonazepamu, dawa inayotuliza neva, ya kumung'unya: kidonge kinawekwa mdomoni, mate yanazungushwa pale panapowaka kwa dakika 3, kisha yanatemwa. Njia hii ilijaribiwa na Grémeau-Richard na wenzake katika utafiti wa 2004, kidonge cha miligramu 1 mara 3 kwa siku kwa wiki 2, na ikawashinda waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mimi nilianza na nusu ya kiwango hicho, mara 2 kwa siku, kwa kuwa dawa hii huleta usingizi na mwili unaweza kuizoea ukaitegemea. Si dawa ya kuomba kwa jirani. Hata hivyo wiki ya kwanza alisinzia mchana kutwa. Nilipochunguza nikakuta alikuwa anameza. Nilimwambia ateme, lakini sikumwonyesha, na yeye kutema dawa aliyoinunua kulimwia vigumu. Tulifanya zoezi pamoja kwenye sinki kwa kidonge kitupu, na usingizi ukaisha.

Amitriptilini, dawa ya sonona inayotumika pia kwa maumivu ya neva, niliiacha makusudi. Ingeweza kusaidia, lakini hukausha kinywa, na kinywa cha Bi K. kilikuwa kimekwisha kumlalamikia ukavu vya kutosha. Peremende nazo zilibidi ziondoke: nilikuta meno mawili yameanza kutoboka karibu na fizi. Alihamia kwenye ubani wa kutafuna usio na sukari, ambao unaupa ulimi shughuli ileile.

Rufaa niliiandika upya, safari hii mbele yake, nikimsomea kila sentensi. "Ana maumivu ya neva ya kinywa yaliyothibitishwa kwa uchunguzi. Yanazidishwa na kujikagua mara kwa mara na hofu ya saratani baada ya kumuuguza dada yake. Naomba tushirikiane." Nikampigia simu mwanasaikolojia yeye akiwa amekaa hapo. Vikao vilikuwa 12, kimoja kwa wiki, kwa njia ya tiba ya fikra na tabia. Lengo la kwanza lilikuwa kioo. Walihesabu: mara 30 hivi kwa siku. Wakashusha hadi 10, hadi 3, hadi mara moja kwa wiki, Jumapili, kwa mwanga uleule. Mimi nilichukua jukumu la kuukagua ulimi huo kwa saratani kila miezi 3, kwa maandishi, ili yeye asilazimike kuwa daktari wake mwenyewe. Picha za simu alizifuta kikao cha nane. Alilia, mwanasaikolojia aliniambia, na waliacha alie, kwa kuwa hapo hakuwa akilia ulimi.

Mumewe tulimwita mara moja. Kila asubuhi, kwa mapenzi, jambo la kwanza alilomwambia mkewe lilikuwa, "Bado unawaka?" Asubuhi ndiyo saa yake nzuri, na swali lile ndilo lililokuwa likimpeleka kuutafuta moto kabla haujafika. Alipoelewa alishtuka sana, mzee wa watu. Akaacha, akawa anamwuliza amelalaje.

Matokeo

Mwezi wa tatu wa matibabu maumivu ya jioni yalikuwa 5. Mwezi wa tisa yalikuwa kati ya 2 na 4, na siku mbili au tatu kwa wiki hakuyahisi kabisa hadi jioni. Usiku anapata usingizi wa saa saba badala ya wa saa nne. Klonazepamu tuliipunguza polepole hadi kuisimamisha mwezi wa tano, na maumivu yakapanda kidogo kisha yakatulia. Alama za meno kwenye kingo za ulimi zimefifia. Ladha ya chuma ipo bado, na jaribio la uchungu nilipolirudia lilitoa jibu lilelile. Hajapona. Anaishi na kitu kidogo kuliko kile alichokuja nacho.

Mwezi wa saba kulikuwa na wiki mbaya: jamaa mwingine aligunduliwa na uvimbe, na Bi K. akarudi kwenye kioo kwa siku nne. Alipiga simu yeye mwenyewe kabla ya ziara yake. Nilimkagua siku hiyohiyo, nikamwandikia nilichokiona.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Kama ningelazimika kutaja jambo moja lililogeuza kisa, ningetaja mpangilio. Saikolojia iliyoletwa wiki ya sita, kama maelezo ya kujazia pale ambapo vipimo vimekosa jibu, ilikunjwa ikawekwa kwenye bahasha. Saikolojia ileile, ikiletwa baada ya kijiko baridi na kijiti cha uchungu, ilipokewa na mtu aliyekuwa tayari kuifanyia kazi. Mgonjwa hakubadilika katikati ya barua hizo mbili. Barua ndiyo iliyobadilika.

Majaribio ya hisia yalisaidia kwa njia ambayo sikuitarajia. Kitabibu hayakubadilisha sana dawa niliyompa. Lakini yalikuwa mara ya kwanza mtu kuuliza ulimi wake maswali na kupata majibu yasiyo ya kawaida, na yeye aliyashuhudia. Jaribio la kioo ningelifanya tena kesho, ila kwa maandalizi: kabla ya kumpa mgonjwa kioo ningemweleza kwamba namba zikipanda na kushuka hiyo ni tabia ya maumivu halisi. Kumwacha akafikia swali la "nimekuwa nikidanganya" peke yake kulikuwa kumtwika mzigo bure. Ganzi nayo: nilipaswa kumwonya kwamba inaweza kuzidisha.

Wenzangu wawili niliowasimulia kisa hiki walisema, basi hofu ya saratani ndiyo iliyosababisha ugonjwa. Sikubaliani nao. Hofu ilitangulia, ni kweli, lakini kukoma kwa hedhi nako kulitangulia, na wapo wengi waliouguza ndugu zao wasiwake kinywa. Utafiti wa Ufini uliochapishwa 2001, kwa picha za ubongo, ulionyesha dalili za upungufu wa utendaji wa dopamini, kemikali ya kupitishia taarifa kwenye ubongo, kwa wagonjwa wa kuungua kinywa, na mfumo huohuo unahusika katika kuzuia maumivu na pia katika hali ya moyo wa mtu. Ukiuliza kipi kilianza, mstari kati ya neva na nafsi unakuponyoka mkononi. Ukiuliza kipi kinayaendesha maumivu leo saa kumi jioni, unapata kioo, peremende, ulimi unaosukuma meno, swali la asubuhi, usingizi wa saa nne. Hivyo vinashikika.

Kuhusu antifangasi ya mara tatu bila sampuli, sina la kusema zaidi ya kwamba kijiti cha pamba na siku chache za kungoja maabara vingemwokolea miezi.

Fomu yetu ya kumpokea mgonjwa mpya ilikuwa na ukurasa mzima wa dawa, mzio na upasuaji, na mstari mmoja tu wa "mengineyo". Sasa, chini ya swali la wapi panauma, kuna maswali mawili yaliyoongezwa kwa kalamu hadi tutakapochapisha upya: unajikagua mara ngapi kwa siku, na unapotazama, unatafuta nini. Nesi anayezijaza ameniambia kwamba la pili watu hulijibu wakiwa wameinamisha uso, na kwamba ameanza kufunga mlango kabla hajaliuliza.